Shaba Juu ya Meza ya Msomi

Sisi tunaoandika kwa biki twasahau kwamba wino uliwahi kudai subira. Msomi wa China ya kale alishika kipande cha wino mkavu, yaani masizi yaliyogandishwa kwa gundi, akakisugua juu ya jiwe kwa matone machache ya maji. Matone hayo yaliweza kutoka katika chombo kidogo cha shaba iliyochanganywa na bati, pengine chenye umbo la mnyama. Kidole kiliziba tundu la juu. Kikiinuliwa, maji yalidondoka. Kando yake palikuwa na kiegemeo cha brashi mfano wa milima, vizito vya kutuliza karatasi, na chetezo (si cha altare, bali cha chumba cha kusomea).

Chetezo ndicho kinachotufikirisha. Vile vya enzi ya Xuande, 1426 hadi 1435, vilisifiwa mno, hata mafundi wa karne zilizofuata wakatia alama ya enzi hiyo chini ya kazi zao wenyewe. Je, tuwaite waongo? Wako waliotaka kumdanganya mnunuzi. Wako pia waliowaheshimu watangulizi wao. Sisi walimu twaijua tofauti hiyo: mwanafunzi anayeiga mwandiko wa mwalimu ili ajifunze hana hatia, anayeiga sahihi yake anayo. Lakini juu ya shaba, nia zote mbili zimeacha alama ileile. Ndiyo maana mjuzi hupima kwanza uzito mkononi, hutazama umbo na rangi, kisha ndipo hukigeuza chetezo asome maandishi.