Sehemu ya 7: Vespa ya Baba

Nimetoka zamu ya usiku, macho mazito, lakini ahadi ni deni. Nilisema leo tuzungumzie presha. Tutafika huko, ila kwanza piteni uani kwetu Unguja nikuonesheni Vespa.

Vespa ilianza kutengenezwa Italia mwaka 1946, na jina lake kwa Kitaliano maana yake nyigu. Ukiisikia inavyolia utajua kwa nini. Mimi nimepelekwa skuli na Vespa ya baba, nimesimama mbele baina ya magoti yake. Baadaye ikawekwa bandani, ikafunikwa turubai, kuku wakaifanya tagio. Miaka 11.

Mwaka juzi baba akapata kiharusi. Upande wa kushoto. Alikuwa ameacha vidonge vya presha miezi kadhaa kwa sababu "najisikia mzima". Na mimi, nesi, ninayewauliza wagonjwa wa watu kila siku kama wamekunywa dawa, sikumuuliza babangu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Alipewa mpira mdogo wa kuminya, mkono upate nguvu. Akawatupia kuku. "Mie si mtoto wa kuchezea mpira." Akawa anashinda barazani, mkono umelala mapajani kama si wake.

Vespa niliitoa bandani kwa shida zangu tu, nauli za zamu zimenichosha. Nikaipangusa, nikanyanyua mguu nipige kiki. Nikasikia kutoka barazani, ulimi mzito lakini maneno yanaeleweka: "Usipige! Utaiua!"

Kiti chake nikakisogeza uani, akaanza kunifundisha. Injini iliyolala miaka, pete za pistoni huenda zimeshikana na silinda kwa kutu. Ukilazimisha kwa mguu, unakwaruza au unavunja. Toa plagi, mimina oili kidogo kwenye tundu lake, subiri. Tulisubiri siku tatu. Kisha nikaizungusha feni ya injini kwa mkono, pole pole, mpaka ikakubali.

Petroli ya zamani ilikuwa imekauka ndani ya kabureta ikawa kama gundi. Kile kitundu cha kupitishia mafuta ni chembamba kama sindano ya mtoto mchanga, kilikuwa kimeziba kabisa. Tukakiosha kwa petroli, tukakipuliza kwa pampu ya baiskeli. Tangi tukalisuuza mpaka kutu ikaisha. Halafu mafuta mapya: kwa lita 5 za petroli, mililita 100 za oili, maana injini hii haina oili yake pembeni, inalainishwa na hiyo iliyochanganywa kwenye petroli. Nilipima kwa bomba la sindano la mililita 20, mara tano. Baba alicheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake.

Ikabaki klachi. Fundi akasema sahani zimegandana, ibanwe kila siku mpaka ziachane. Kwenye Vespa, klachi ni mkono wa kushoto.

Baba akasema, "Hiyo kazi yangu."

Siku ya kwanza nilimkunja vidole kimoja kimoja kwenye mkono wa klachi. Hakikusogea kitu. Usiku ule nikatoka na spana, nikailegeza waya ili klachi iwe nyepesi. Asubuhi akaisogeza kidogo, akanitazama kama aliyeshinda mashindano. Kila baada ya siku chache nikawa naikaza robo mzunguko. Mara 20 asubuhi, mara 20 baada ya laasiri. Wiki ya saba, bila kuniangalia, akasema: "Jana umeikaza sana. Irudishe kidogo." Kumbe alijua tangu mwanzo.

Siku ilipowaka ilikuwa kiki ya tisa au ya kumi. Moshi ukajaa ua mzima, mama akakimbilia nguo zake kwenye kamba huku akilalamika, watoto wa jirani wakapanda ukuta. Baba akanyoosha mkono: "Nipe. Nizunguke mtaa tu."

Nikakataa. Kufumba mkono anaweza, kufumbua ndiko kunakochelewa, na barabara haisubiri. Nilimweleza hivyo hivyo, kama ninavyowaeleza wagonjwa. Hakunijibu. Siku mbili hakuzungumza nami. Wauguzi wenzangu mnajua: ni rahisi kumkataza mgonjwa, ni vigumu kumkataza mtu aliyekufundisha kutembea.

Siku ya tatu nikiondoka kwenda zamu, nilimkuta ameshakaa kwenye kigoda pembeni ya Vespa. Akaibana klachi, akaiachia, akasikiliza. "Nenda. Iko sawa." Ndivyo tunavyofanya kila siku mpaka leo. Kama siku moja ataendesha tena, sijui. Kikombe cha chai anakishika kwa mkono ule.

Sasa presha niliyoahidi. Haiumi, ndiyo maana watu huacha dawa. Ukiona mtu ghafla mdomo umekwenda upande, mkono umekosa nguvu au maneno yanamkwama, usimsugue mafuta, usisubiri asubuhi. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

Na kabla hujalala, mpigie yule mzee wako wa presha. Mwamkie, kisha muulize kidonge cha mwisho alikunywa lini. Mimi sikuuliza.