Mlo wa askari kwenye kambi ya familia: Watoto watakula?

Kwa gari ni mwendo wa kama saa mbili kutoka Washington, mji mkuu wa Marekani. Barabara ya Skyline Drive hupanda juu ya mgongo wa milima ya Blue Ridge na kupita katikati ya hifadhi ya taifa ya Shenandoah kwa kilomita 169. Karibu nusu ya njia hiyo kuna Big Meadows, uwanda wa majani ulio zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Kuna eneo la kupiga kambi, meza za mbao, kulungu wasiojali watu, na baridi inayoshuka jioni hata mwezi Julai.

Wikiendi za kiangazi si ajabu kusikia Kiswahili hapo. Familia za Kitanzania na za Kikenya zinazoishi Maryland na Virginia huja na mahema, majiko ya gesi na sufuria ya pilau iliyopikwa nyumbani usiku uliotangulia. Mara nyingine kwenye buti la gari huwamo pia pakiti nzito za rangi ya kahawia zenye herufi tatu: MRE, yaani mlo ulio tayari kuliwa.

Ni chakula cha jeshi la Marekani la vitani, kilichoanza kutumika mwaka 1981 badala ya vile vya makopo. Maduka ya vifaa vya jeshi huziuza, ingawa pakiti zenyewe zimeandikwa kwamba ni mali ya serikali na haziruhusiwi kuuzwa kibiashara. Kampuni zinazolitengenezea jeshi huuza pia za raia. Mzazi anayeandaa safari huvutiwa haraka: hakuna friji, hakuna kupika, hakuna vyombo vya kuosha.

Swali linalobaki ni ladha.

Katika meza moja mama mwenyeji wa Tanga aliigeuza pakiti mara mbili. Kaka wa mumewe, aliyewahi kuvaa sare za jeshi hilo, ndiye aliyezileta.

"Shemeji, hiki ndicho mlichokuwa mnakula Kuwait?"

"Tukiwa nje jangwani, ndiyo. Kambini kulikuwa na wapishi."

"Na hii haina nguruwe?"

"Hiyo haina. Lakini usome kila moja, shemeji. Ziko zenye nguruwe."

Ushauri huo ni mzuri kwa familia yoyote ya Kiislamu, maana aina za milo ni 24 na hazifanani. Jeshi lina pakiti maalumu za halali, ila hizo hazipatikani kirahisi kwenye duka la mtaani.

Kupasha moto ndiko kulikowafurahisha watoto. Ndani ya pakiti kuna mfuko wenye unga wa magnesiamu na chuma. Ukitia maji kidogo unachemka wenyewe, na baada ya dakika kumi na kidogo chakula kina moto. Maelekezo yana mchoro unaosema uuegemeze mfuko kwenye jiwe au kitu chochote, na maneno hayo yamekuwa utani wa askari kwa miaka mingi. Lisilo la utani ni kwamba mfuko huo hutoa gesi ya haidrojeni, inayoshika moto. Usiutumie ndani ya hema wala karibu na jiko la gesi, na mtoto asiachiwe aushike.

Kisha wakaonja. Makaroni yenye nyama na maharage ya pilipili, ambayo askari wengi huyasifu kuliko vyote, yalipita. Ravioli za nyama ya ng'ombe zilikwama.

"Ba'mdogo, hii inanuka kama chakula cha paka," alisema mdogo, wa miaka sita, akasukuma mfuko mbele. Akala peremende za rangirangi na kunywa juisi ya unga. Biskuti ngumu aliilamba tu.

Hakuwa na makosa sana. Chakula kilichopikwa ndani ya mfuko wake kwa joto kali ili kikae miaka, hulainika kupita kiasi, na chumvi ndiyo inayokibeba. Askari wenyewe wamekisema vibaya kuliko mtoto huyo. Kimanda cha jibini na mboga walikipa jina linalokaribia "matapishi", hadi kikaondolewa. Miaka ya 1980 walidai ni mlo uliokataliwa na Waethiopia, utani usio na staha kwa watu waliokuwa wakifa njaa. Lakini malalamiko yalisikilizwa: aina 12 za mwanzo zikaongezeka mara mbili, na mwaka 2018 hata piza ikaingia. Watafiti wa jeshi huko Natick, Massachusetts, huwapa askari waonje kabla chakula hakijapitishwa, kwa sababu lishe iliyobaki kwenye mfuko haimsaidii mtu.

Jambo hilo lilionekana mchana uleule. Njia ya kwenda maporomoko ya Dark Hollow iko jirani, ni kilomita mbili na kidogo kwenda na kurudi. Kwenda ni kuteremka, mtoto anakimbia. Kurudi ni kupanda mfululizo. Katikati ya mlima yule wa miaka sita alikaa chini, uso umempauka, hataki kusema na mtu. Baba mdogo wake alitoa mfukoni biskuti ileile, safari hii imepakwa siagi ya karanga, na maji. Dakika kumi baadaye walikuwa wanatembea tena, polepole.

Kwa hiyo kabla ya safari, fungueni pakiti mbili tatu nyumbani, mtoto achague. Pakiti moja ina takribani kalori 1,250. Kiasi hicho kinakaribia mahitaji ya siku nzima ya mtoto mdogo, na chumvi yake imepimwa kwa mtu mzima anayetoka jasho. Igawanyeni, mbebe na maji ya kutosha. Kahawa ya unga ondoeni.

Kuna na suala la choo. Nyuzinyuzi ni chache, na askari husema kifupi cha MRE maana yake ni mlo usiotaka kutoka. Wengine huamini chingamu iliyomo ni dawa ya kulainisha. Si kweli, imewekwa kwa ajili ya meno. Jeshi lenyewe halitaki askari azitegemee peke yake zaidi ya siku 21. Kwa wikiendi moja, machungwa na maembe ya kutosha yatamaliza tatizo.

Mifuko mitupu nayo ina harufu, na Shenandoah ina dubu weusi. Chakula na takataka haviingii kwenye hema. Hukaa ndani ya gari lililofungwa au kwenye kabati la chuma.

Ila msiziache kwenye gari majira yote ya joto. Pakiti hizi hudumu miaka mitatu kwenye nyuzijoto 27, lakini zikifika 38 ni kama miezi sita tu. Nyingi hazina tarehe ya mwisho iliyo wazi, zina namba nne. 4155, kwa mfano, ni siku ya 155 ya mwaka unaoishia na 4, yaani mwanzoni mwa Juni. Kama ni 2014 au 2024, muulizeni muuzaji. Asipojua, mrudishieni.