Digrii ya Sheria Bila Kazi: Je, Chuo Kinahusika?



Ndugu wazazi na wanafunzi, kila mwaka matokeo ya mtihani wa Taifa yanapotoka, hapa Rumonge huanza mazungumzo yale yale: mtoto wa fulani anakwenda kusoma nini Bujumbura? Kwa familia nyingi jibu limekuwa ni sheria. Mwanasheria ni mtu wa heshima. Anaandika barua ikasikilizwa, na akisimama mbele ya hakimu haogopi. Katika mji ambao karibu kila nyumba ina kesi ya kiwanja au ya shamba la michikichi, nani asiyetaka mwanasheria wa kwao?

Sisi katika familia yetu tumesomesha mmoja, mtoto wa dada yetu. Ada ya chuo binafsi kule Bujumbura ililipwa kwa mawese na ndagala, muhula hadi muhula, na mwaka mmoja kwa kuuza kipande cha shamba. Kijana akahitimu vizuri. Huu ni mwaka wa tatu, na anamsaidia mfanyabiashara mmoja kupima mawese na kuandika hesabu. Kazi ya halali haina aibu, na hatuisemi kwa kuidharau. Lakini mama yake anauliza swali ambalo wazazi wengi wanauliza: je, chuo kilichochukua pesa zetu hakina dhima yoyote katika jambo hili?

Tupime kwa haki. Kwanza tuseme lile ambalo si kosa la chuo. Chuo hakitengenezi nafasi za kazi. Nchi yetu imepita katika machafuko ya 2015, kisha Umoja wa Ulaya ukasimamisha msaada wake wa moja kwa moja kwa Serikali kuanzia 2016 hadi 2022. Mwaka 2018 mashirika ya kigeni yalisimamishwa kwa muda na mengine yakafunga kabisa. Baadhi ya mashirika hayo yalikuwa yakiajiri vijana wa sheria. Hakuna mhadhiri aliyeweza kulizuia hilo.

Lakini liko lile ambalo ni la chuo. Tangu 1964 hadi miaka ya karibu na 2000, msomi wa sheria nchini alitoka hasa katika chuo cha Serikali. Baada ya hapo vyuo binafsi vikaongezeka, na sheria ikapendwa na vyuo vyenyewe, kwa sababu kozi hii haihitaji maabara wala mashine. Chumba, mwalimu na karatasi za kunakili vinatosha. Kila mwanafunzi anayeongezeka ni ada inayoongezeka, lakini nafasi mahakamani na kwa mawakili haziongezeki pamoja naye.

Siku ya kuandikisha tuliambiwa kwamba wahitimu wa chuo kile wako mahakamani, wako benki, wako kwenye mashirika. Huenda ni kweli. Hatukuambiwa ni wangapi kati ya mia. Hatukuambiwa pia kwamba digrii peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Lazima akubaliwe na chama cha mawakili na afanye staji chini ya wakili mzoefu. Mtoto wa mvuvi asiyemjua wakili yeyote mjini, nani atampokea? Na akipokewa, atakula nini wakati wa staji? Hayo tuliyajua baada ya ada ya mwisho kulipwa.

Sote tunajua hukumu ya muuzaji anayeficha aibu ya bidhaa yake. Mwenye mawese akichanganya na maji, soko zima linamlaumu. Basi mwenye kuuza elimu naye aseme kweli.

Jambo hili halikuanza kwetu. Huko Marekani, kuanzia 2011, wahitimu walivishitaki vyuo vya sheria wakidai kwamba vilitangaza takwimu za ajira zenye kupotosha. Mmoja wao, Anna Alaburda, alikishitaki chuo cha Thomas Jefferson cha San Diego, na kesi ikafika mbele ya baraza la wazee wa mahakama mwaka 2016. Alishindwa. Hata hivyo malalamiko ya aina hiyo yalizaa matunda, kwani vyuo vya sheria vya huko sasa vinatakiwa kuchapisha kila mwaka ni wahitimu wangapi wamepata kazi na ni kazi za aina gani. Mzazi anasoma kabla ya kulipa.

Na karibu zaidi, ng'ambo ya ziwa letu, Tanzania. Kule mwenye digrii anayetaka kuwa wakili hupitia Law School of Tanzania. Oktoba 2022 matokeo yalishitua watu: kati ya watahiniwa 633 waliofaulu moja kwa moja ni 26 tu, 342 walitakiwa kurudia baadhi ya masomo, na 265 wakaondolewa. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Wengine walivilaumu vyuo vikuu, wengine Law School yenyewe, wengine wanafunzi. Funzo kwa mzazi ni hili: kijana anaweza kuwa na digrii mkononi na bado asiwe tayari kwa kazi ya sheria.

Linalotuumiza zaidi sisi watu wa mwambao huu ni kwamba kazi ya sheria ipo tele. Mwaka 1972 watu wengi wa Rumonge na Nyanza-Lac walikimbilia Tanzania na Kongo, na mashamba yao yakaingia mikononi mwa wengine. Waliporudi, kesi zikaanza. Tume ya ardhi, CNTB, iliundwa 2006 na kazi yake ikaisha 2022, lakini ugomvi haukuisha. Maji ya ziwa nayo yamepanda na kumeza nyumba, hata mwaka 2024 mitaa ya Rumonge ilifurika, na watu wanauliza mpaka wa kiwanja chao uko wapi. Burundi haina sheria iliyoandikwa ya mirathi, mahakama zinakwenda kwa mila, na mabinti ndio wanaoumia. Na ndoa iliyofungwa msikitini tu, bila kuandikishwa komine, sheria haiitambui. Mjane anayajua haya siku ya msiba.

Sasa mtazame kijana wetu. Alihifadhi vifungu kwa Kifaransa miaka yote. Hakuna siku aliyopelekwa kukaa na mzee anayezungumza Kiswahili na Kirundi, akamsaidia kuandika madai ya shamba lake. Hakufundishwa kuendesha ofisi ndogo, wala kusuluhisha watu kabla ya mahakama. Kazi iko mlangoni kwake na hajui kuishika, na wenye shida nao hawana pesa za kumlipa wakili wa Bujumbura. Hapo chuo kinahusika.

Kwa hiyo ndugu zetu, kabla ya kuuza shamba kwa ajili ya ada, nendeni chuoni mkaulize mambo matatu, na mdai majibu ya maandishi:

1. Waliohitimu miaka mitatu iliyopita ni wangapi, na wangapi wanafanya kazi ya sheria leo?
2. Chuo kina mawakili gani wanaopokea wanafunzi wake kwa staji?
3. Mwanafunzi atakutana na watu wenye kesi za kweli mwaka wa ngapi?

Chuo kisichotaka kujibu kimeshajibu. Nanyi wanafunzi mnaosoma sasa, msingoje chuo kiwapeleke. Wakati wa likizo kaeni mahakama ya komine mkasikilize kesi, someni Sheria ya Ardhi ya 2011, na mwandikieni jirani barua yake. Mtoto wa dada yetu ameanza hivyo, jioni baada ya kufunga hesabu za mawese. Mwezi uliopita wajane wawili walimfuata kuhusu mashamba yao, na mmoja alimlipa ndagala.

Wabillahi tawfiq.