Mbarara ya Baba

Baba alikuwa akipima miji kwa vitu vitatu: ziwa, uwanja wa ndege na raundabauti. Goma ilikuwa navyo vyote, hata baada ya lava ya Nyiragongo kupita katikati yake mwaka 2002. Kwa hiyo mwishoni mwa 2008, tulipovuka mpaka pale Bunagana kuingia Uganda tukiwa na magodoro kichwani, alitutuliza kwa kutuahidi mji.

"Vumilieni, wanangu. Mbele kuna Mbarara."

Hakuwa amefika Mbarara hata siku moja. Aliisikia kwa madereva wa malori. Lakini kutoka Kisoro, lori likipanda kona za msitu wa mianzi wa Echuya na mama akitapika ndani ya mfuko, mji ule ulizidi kukua. Kufika Kabale ulikuwa na hoteli. Kufika Ntungamo ulikuwa na samaki wa kukaanga na kitanda kwa kila mtoto. Nilikuwa na miaka kumi na moja na niliamini kila neno.

Tuliingia jioni, manyunyu yakidondoka. Lori likasimama kwenye kituo cha mafuta pembeni mwa mji. Tukaambiwa tushuke kwenda haja tu, kisha turudi juu. Niliona magunia ya makaa, vijana wa bodaboda wamejikunyata chini ya paa, na mzee akisukuma baiskeli iliyolemewa na mikungu ya matoke. Kila familia ikapewa mkate wa slesi. Ulikuwa mtamu kupita kiasi na ulibomoka mkononi.

"Baba, Mbarara ndiyo hii?" mdogo wangu akauliza.

"Huu ni mlango tu, mwanangu."

Baada ya nusu saa lori likaondoka. Tukapita Kaberebere gizani, na mbele yake taa zikaisha kabisa. Asubuhi tuliamka kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, chini ya turubai tulilofunga usiku, mbele yetu vilima vikavu na, kwa mbali, maji. Baba aliyatazama kwa muda mrefu. "Basi ziwa tumelipata," akasema.

Miaka mitano ilipita kabla hajaniambia twende tukaone huo mji wenyewe. Alikuwa ameuza mahindi, akavaa koti. Tuliitembea High Street kutoka mwanzo hadi mwisho: maduka ya mabati na misumari, benki, nguo za mitumba, foleni ya teksi. Tukauona mto Rwizi, rangi ya chai ya maziwa. Tukafika kwenye sanamu ya ng'ombe wa Ankole mwenye pembe ndefu. Baba akaizunguka mara mbili.

"Ng'ombe ni mzuri," akasema. "Mji uko wapi?"

Jambo jingine lilimkera. Kila alipouliza njia kwa Kiswahili, watu walisita. Kwa wengi wa sehemu zile Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, na askari hana sifa nzuri. Aliyetujibu bila kusita ni mzee mmoja kwenye kibanda cha chai, tena kwa Kiswahili cha Tanzania hasa. Alikiokota mwaka 1979, jeshi la Tanzania lilipopita likimfukuza Amin. Akatuonyesha kwa kidole: hapa palivunjwa, na pale, na kule nyuma ya duka lile. Mji uliangushwa vitani, kisha watu wakaanza upya, ukuta kwa ukuta.

Baba alinyamaza hadi chai ikapoa. Mtu wa Goma hahitaji kuelezwa habari ya kujenga juu ya vifusi. Njiani kurudi hakuikejeli tena Mbarara, isipokuwa habari ya ziwa.

Tarehe 1 Julai 2020 Mbarara ilipandishwa kuwa jiji, pamoja na Gulu, Jinja, Mbale na mengine. Tuliisikia redioni. "Jiji bila ziwa!" Baba akacheka hadi akakohoa. Huku kwetu nako hakukuwa kumelala. Nakivale, iliyoanza karibu 1960 kwa kuwapokea Wanyarwanda, sasa ina watu zaidi ya laki moja na nusu; Mbarara yenyewe ilihesabiwa karibu laki mbili mwaka 2014. Base Camp, kitovu cha Nakivale, unaweza kununua sambusa kwa Msomali, ukala injera kwa Mwethiopia, ukashonewa kitenge na mama wa Bukavu, yote kabla ya adhuhuri. Mbarara naenda kila mwezi kuchukua bidhaa za jumla, na narudi siku hiyo hiyo. Siku hizi malori ya kutoka Kabale yanaweza kuukwepa mji kwa barabara ya mchepuko, na watoto waliomo wasiuone hata mlango.

Kila nikirudi Baba huuliza kama nimeleta mkate. Namletea, anakula slesi moja, anaurudisha mezani. Wa Base Camp ni bora, na sisemi hivyo kwa sababu naishi huku.