Disketi za Kahawa

Mafaili hutumwa kwa WhatsApp; disketi hazitumwi. Ndiyo sababu nilijikuta bandarini Mwanza jioni ya mvua, mwezi wa kumi na mbili, nikingoja kupanda meli kwenda Bukoba kwa mara ya kwanza. Begini nilikuwa na kisomea disketi cha kuchomeka kwenye USB, nimekiviringisha kwa taulo. Kwa miaka kilikuwa kinazuia mlango wa ofisi yetu usijifunge.

Aliyeniita ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, njia ya kwenda Kyaka. Kompyuta zao zilikuwa za Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na hazikuwa na ubavu wa kubeba toleo linalofuata. Kijana mmoja wa pale akazisafisha, akaweka Ubuntu, mfumo wa familia ya Linux. Mashine zikachangamka, na hakuna aliyedaiwa leseni. Shida ilikuja chama kilipoanza kuhakiki daftari la wanachama. Warithi walitaka kujua marehemu wazazi wao waliuza kilo ngapi na kukatwa hisa kiasi gani miaka ya tisini. Majibu yalikuwa kwenye kompyuta na kwenye disketi za zamani, lakini kompyuta ile ile sasa ilikuwa inazungumza kigeni.

Meli ilijaa watu wanaorudi nyumbani kwa Krismasi. Wahaya hawaendi nyumbani mikono mitupu, kwa hiyo palikuwa na magodoro, majiko ya gesi, hata mlango wa chuma ulioegemezwa kwenye ngazi. Abiria mmoja wa makamo alininyooshea kidole gizani upande ilikozama MV Bukoba mwaka 1996, kisha akavuta blanketi akalala. Mimi sikulala. Alfajiri tukagusa Kemondo, jua lilipopanda tukawa Bukoba, na bandarini senene wa kukaanga wakanidaka kabla ya bodaboda.

Ofisi ya chama ina ufa mrefu ukutani uliozibwa kwa saruji, kumbukumbu ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016. Chini ya ufa huo palikuwa na meza, kompyuta mbili na boksi la viatu lililojaa disketi. Mama katibu alinipokea kwa chai, akaniambia kuna mtu ananisubiri. Kwenye benchi alikuwa amekaa mzee aliyekuwa karani wa chama tangu enzi za taipureta. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza swali moja tu: “Umekuja na mashine ya kusoma hizi?” Nilipomwonyesha kile kizuizi chetu cha mlango, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Tulianza na mafaili mepesi, yaliyokuwa kwenye diski ya kompyuta, ya Excel ya zamani, yenye mkia wa .xls. LibreOffice iliyokuja na Ubuntu iliyafungua bila ubishi, ila mzee alishtuka. Safu nzima ya malipo ilijaa alama za reli, ###### juu hadi chini. “Wameyafuta,” akasema. Hakuna aliyefuta kitu. Fonti iliyotumika zamani haikuwepo kwenye mfumo mpya, mahali pake imekaa nyingine iliyo pana kidogo, na tarakimu zisipoenea kwenye kisanduku programu haithubutu kuzikata. Nikavuta mpaka wa safu kwa kipanya, shilingi zikajitokeza zote. Mzee akaomba na yeye avute safu ya pili kwa mkono wake.

Faili lililofuata lilikuwa na mtego mkubwa zaidi. Lilipofunguka, juu ya jedwali palitokea utepe unaouliza kama turuhusu viungo vya nje visasishwe. Nilipochungulia fomula nikakuta bei ya kilo inachukuliwa kutoka faili jingine, lililokuwa likikaa A:\BEI. A ilikuwa disketi. Linux haina A wala C. Ina mti mmoja wa folda, na hata herufi kubwa na ndogo kwake ni majina tofauti. Ukikubali kusasisha, programu itaenda kutafuta bei mahali pasipokuwepo, na badala ya namba utaachiwa makosa. Ukikataa, faili linabaki na thamani za mwisho zilizohifadhiwa ndani yake siku lilipofungwa. Tukakataa. Naona wengi wanaolalamika kwamba LibreOffice imewaharibia hesabu, kilichowaponza ni kuukubali utepe ule kwa haraka.

Makro sitayaongelea sana. Palikuwa na kitufe cha kufunga msimu, kimeandikwa kwa lugha ya Microsoft, ambayo LibreOffice huielewa nusu nusu. Hicho kilikuwa kinatuma kazi kwa printa iliyokufa siku nyingi. Tukakiacha.

Kisha boksi la viatu. Disketi ya inchi tatu na nusu inabeba megabaiti 1.44, chini ya picha moja ya simu ya leo, lakini kwa chama cha kijiji huo ulikuwa msimu mzima. Ya kwanza ilikwaruza, ikasita, ikasomeka. Ndani yake palikuwa na faili moja: MSIMU95.WKS.

Mkia huo wa .wks ndio ulionifurahisha kuliko vyote, maana ulitumiwa na programu mbili zisizo ndugu. Lotus 1-2-3 iliutumia ilipotoka Januari 1983, ile programu iliyowafanya wahasibu wanunue kompyuta za IBM. Baadaye Microsoft Works nayo ikauchukua. Kwa hiyo jina halikwambii kitu, inabidi ufungue faili kwa programu inayoonyesha baiti moja moja. Nikawaita waje waone. La Lotus ya mwanzo huanza na 00 00 02 00 04 04. La Works huanza na FF 00 02 00 04 04. Yanatofautiana kwenye baiti ya kwanza tu. La kwetu lilianza na FF. “Works,” nikasema. “Ndiyo,” mzee akajibu, “ilikuja na kompyuta ya mradi, Lotus tulikuwa nayo ya kwanza kabisa.” Alikuwa anajua muda wote. Sikumwuliza.

Hapa lazima nitoe heshima. Excel yenyewe iliacha kufungua mafaili ya Lotus tangu toleo la 2007. LibreOffice inayafungua, na ya Works pia, kwa sababu wapo watu waliokaa na baiti hizo moja moja hadi wakazielewa, kisha wakagawa kazi yao bure. Programu yenyewe ina ukoo mrefu. Ilianzia Ujerumani kwa jina la StarOffice, kampuni ya Sun ikainunua mwaka 1999, ikazaa OpenOffice, na LibreOffice ikatengana nayo mwaka 2010. Sisi tuna udugu nayo ambao wengi wameusahau: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na Waswidi, kilitoa OpenOffice ya Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Mama katibu hakuwahi kuisikia. Nilipomweleza, akasema angeitaka hiyo.

MSIMU95 likafunguka. Majina yapo, kilo zipo, lakini safu ya tarehe ilikuwa na namba tupu: 34892, 34893, 34895. Kompyuta haihifadhi tarehe, inahifadhi idadi ya siku tangu mwisho wa mwaka 1899, kisha pambo la juu ndilo linaloipa sura ya tarehe. Pambo lilikuwa limepotea njiani. Nikaipa safu muundo wa tarehe, 34892 ikageuka 12 Julai 1995. Ndani ya hesabu hii kuna kituko: Lotus iliuhesabu mwaka 1900 kuwa mrefu, wenye Februari 29 ambayo haikuwahi kutokea, na Excel ikaiga makusudi ili mafaili ya Lotus yasomeke sawa. LibreOffice nayo ikasogeza mwanzo wake hadi tarehe 30 Desemba 1899 ili tarehe zote kuanzia Machi 1900 zilingane. Kahawa ya kijiji hiki ilikuwa imepimwa kwa kalenda yenye siku moja ya uongo, na hakuna aliyedhulumiwa hata senti.

Tulichoshindwa ni safu moja yenye kichwa “U”. Fomula yake ilizidisha kilo zote za kahawa ya maganda kwa 0.98 kabla ya kupiga bei. Kijana wa Ubuntu akadhani ni kosa la kuhamisha, akataka kulirekebisha. Mama katibu akahofia ni wizi wa zamani. Mzee aliivuta miwani yake, akasoma. “Unyevu,” akasema. “Mwaka ule mvua haikukatika, watu wakaleta maganda mabichi. Mkutano mkuu ukaamua kila gunia likatwe kilo mbili kwa mia. Msimu uliofuata tukaondoa.” Tukafungua leja ya karatasi ya mwaka huo, yenye kutu ya pini kwenye kona. Jumla ya chini kwenye ukurasa ililingana na jumla kwenye kioo, pamoja na makato.

Kwa maoni yangu hapo ndipo faili lilipofunguka kweli. Kabla ya hapo lilikuwa limesomeka tu. Nikamwomba mzee azungumze huku mama katibu akiandika, safu kwa safu, na maelezo hayo tukayaweka kwenye karatasi ya pili ndani ya faili lile lile. Mafaili yote tukayahifadhi upya kwa mfumo wa wazi wa ODS, ambao ni kiwango cha kimataifa cha ISO tangu 2006, na nakala nyingine kwa maandishi matupu ya CSV, ambayo hata programu ya hovyo husoma. Ya asili hatukuyagusa. Kijana akaandika amri moja ya kugeuza folda nzima kwa mkupuo, ikamaliza kazi tukiwa bado tunakula ndizi.

Disketi moja, ya msimu wa 1996/97, iligoma kabisa. Ilikwaruza, ikanyamaza, na kompyuta ikasema hakuna kitu. Wanachama waliojiunga mwaka ule ndio wenye madai mengi. Mzee akafikiri, akasema alizoea kupeleka nakala kwa mwenzake aliyekuwa mkaguzi, siku hizi amestaafu yuko Muleba, na mtu yule hatupi kitu. Mama katibu akampigia papo hapo. Kilisikika kicheko upande wa pili, kisha sauti ikauliza tunazitaka za mwaka gani, maana anazo mpaka za 2001. Tiketi yangu ya meli ikasogezwa mbele, na asubuhi tukapanda Hiace ya Muleba, mimi, mzee na kizuizi cha mlango.