Fumua, Anza Tena

Mraba wangu wa kwanza ulikuwa pembetatu. Usicheke, msomaji. Nilianza na mishono 20, safu ya kumi nikabaki na 11, na muda wote huo naona nafuma vizuri tu! Mama akakichukua, akakipapasa kwa vidole, maana siku hizi macho yake hayaoni uzi mwembamba. Akauliza, "Mwanangu, hiki ni kitambaa cha meza au bendera?"

Hapo ni nyumbani Mbinga, mwezi wa pili, mvua haikatiki. Nilikuwa nimetoka Dar kwa likizo fupi. Mama alikuwa na oda ya vitambaa vya makochi, harusi ya binti wa jirani. Pesa ya kutanguliza alishaipokea, akanunulia mbolea. Kazi ilikuwa nusu, macho yakamgomea. Akaniangalia, hakusema neno.

Ule ukimya niliujua. Nilipokuwa darasa la tano ndiye aliyenifundisha kufuma, pale pale barazani. Nilipoingia sekondari nikaacha, tena kwa dharau. Siku moja nilisema mbele ya wageni kwamba kufuma ni kazi ya waliokosa shule. Hakunijibu. Mliokulia kwenye kahawa mnajua: pesa yake huja baada ya mavuno, halafu inakata. Ada ya Januari ililipwa na vitambaa. Yaani ile shule niliyokuwa naringia ilitoka kwenye sindano yake. Hilo nilikuja kulijua ukubwani.

Basi, kiburi kikanidanganya kwamba mikono haisahau. Nikachukua sindano yake nyembamba kama njiti na uzi mweusi uliobaki kwenye kikapu. Kosa juu ya kosa. Kwenye uzi mweusi huoni mshono unapoanzia wala unapoishia. Kama unarudia kufuma baada ya miaka, tafuta uzi mnene kidogo, mweupe au wa rangi nyepesi, na sindano ya milimita 4 au 5. Wembamba utakuja wenyewe.

Jumamosi Mama akanituma kwa mjomba, Mbamba Bay, nimpelekee maharage. Siku hizi ni lami tupu. Gari linateremka milima, masikio yanaziba, mara ziwa hilo! Mjomba alikuwa chini ya mwembe anashona wavu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kaa hapo, shika huku."

Nikashika. Wavu ulikuwa na tundu la ukubwa wa sahani. Badala ya kuliziba, akatoa kisu, akalikata likawa kubwa zaidi. Nikashtuka. "Mjomba, si unaharibu?"

"Macho yaliyochanika hayashiki kitu," akasema. "Nakata mpaka nifike kwenye jicho zima. Hapo ndipo pa kuanzia."

Nilirudi Mbinga na usipa wa kukaanga, na kauli hiyo kichwani. Wavu una mafundo, ndiyo maana unahitaji kisu. Kazi yetu haina fundo kila mshono. Ukivuta uzi inafumuka yote, na uzi unabaki mzima. Nikaivuta ile bendera yangu. Iliniuma kidogo, kama kuchana kurasa za hadithi uliyoikesha. Mnaoandika mnanielewa.

Safari hii nikamwomba Mama anifundishe kama mtoto. Ndipo siri ya pembetatu ikajulikana. Ukigeuza kazi kuanza safu ya mishono mirefu, unapanda kwa minyororo mitatu, na hiyo mitatu inahesabiwa kuwa mshono wa kwanza. Basi ukifika mwisho wa safu inayofuata, lazima uchome sindano juu ya ile minyororo. Mimi nilikuwa naiona kama pambo, naiacha. Kila safu mshono mmoja unaniponyoka.

Dawa yake ni kuhesabu. Hesabu kila safu, usingoje ya kumi. Chomeka pini kwenye mshono wa mwisho ili usiupite. Na uzi usiukabe; sindano ikigoma kuingia, ujue umekaza mno.

Ua la kitambaa cha Mama lilikuwa la vijumba: kingine kitupu, kingine kimejazwa. Sikulielewa mpaka aliponionyesha shamba la ngoro ng'ambo ya bonde. Nyasi hulazwa kwa mistari inayokatizana, udongo hufunika nyasi, katikati linabaki shimo la kushika maji. "Ukikosea mstari mmoja," akasema, "mashimo yote chini yake yanakwenda upande." Nikatazama shamba, nikatazama kitambaa. Kumbe!

Nilimaliza vitambaa vitatu kati ya vinne vilivyobaki, nikaongeza siku mbili za likizo kwa simu ya kubembeleza kazini. Jioni ya mwisho, mikono ikiwa na uzi, nikasema, "Mama, yale maneno niliyosema mbele ya wageni… nisamehe."

Vidole vyake vilikuwa vinapita kwenye safu yangu, polepole, vinahesabu. Vikasimama.

"Nilishasamehe zamani," akasema. "Lakini hapa umeruka mmoja. Fumua."

Nikafumua.