Majina Katika Njia ya Reli

Asubuhi gari la moshi huwachukua wafanyakazi na wanafunzi kutoka viungani na kuwaleta katikati ya Nairobi. Abiria huyataja majina ya stesheni wakatapo tikiti, lakini ni wachache waulizao maana yake. Jina la mahali si kibao tu cha kumwonyesha mgeni pa kushukia. Ni ushuhuda wa watu waliopaona mahali hapo kabla yetu.

Nairobi ni neno la Wamasai. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipofika hapa mwaka 1899, ilikuta mto na jina lake: Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Reli ndiyo iliyouzaa mji, lakini wachungaji ndio walioupa jina.

Upande wa magharibi, njia iendayo Kikuyu hupita Kibera. Asili yake ni Kibra, neno la Wanubi lenye maana ya msitu. Askari wa Kinubi waliotumikia jeshi la Waingereza walipewa makazi hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Walifyeka, wakajenga, wakazika wafu wao. Hata hivyo, wajukuu wao walihesabiwa wageni kwa miaka mingi, na hati ya ekari 288 waliipata mwaka 2017. Kabla ya hati, jina lilikuwa shahidi wao.

Upande wa kusini mashariki iko Syokimau, stesheni iliyofunguliwa mwaka 2012. Syokimau alikuwa mwaguzi wa Wakamba. Yasimuliwa kuwa alitabiri ujio wa nyoka mrefu atakayepita nchini akitoa moto na moshi. Leo nyoka huyo husimama mahali paitwapo kwa jina la mwanamke aliyemtabiri.

Lugha tatu, basi, zimekaa katika reli moja bila ugomvi. Lakini majina hayo hutufunza na kutusuta pia. Msitu wa Kibra haupo tena. Mto Nairobi ungali unapita, lakini umechafuka. Ni mchungaji gani leo angependa kunywesha ng'ombe wake humo?

Jina lisilojulikana maana ni ganda lisilo kiini. Kwa hiyo, mwanafunzi, waulize wazee asili ya jina la mahali ukaapo. Ukiisha kuijua, jiulize kama sisi tuishio hapo twalistahili.